Ibn Majid: Bingwa wa nyota aliyebebeshwa lawama ya Vasco da Gama

JINA la Ahmad bin Majid halikosi kutajwa kila historia ya pwani ya Afrika Mashariki inaposimuliwa. Hata hivyo, mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja tu, tena ya lawama: kwamba mwaka wa 1498 alipanda merikebu ya Mreno Vasco da Gama pale Malindi, akamwonyesha njia ya kwenda India, na kwa kufanya hivyo akawafungulia wageni mlango ambao Mombasa ilikuja kuulipia kwa moto na damu.

Sentensi hiyo imekaririwa darasani na vizazi kadhaa vya wanafunzi, na wazee wengi wa Mji wa Kale wanaijua. Ila ukiichunguza, ushahidi wake ni hafifu mno. Na yale ambayo mtu huyu aliyafanya kwa hakika, ambayo ni kuikusanya na kuiandika elimu ya nyota, jua, mwezi na pepo ili chombo kivuke bahari bila kupotea, ni wachache sana wanaoyajua.

Jina lake kamili ni Shihabuddin Ahmad bin Majid. Alizaliwa Julfar, mji wa bandari katika Ghuba ambao mahali pake leo ni Ras al-Khaimah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Wengi wa wataalamu huweka kuzaliwa kwake karibu na mwaka wa 1432. Bahari aliikuta nyumbani. Babu yake alikuwa mwalimu wa chombo, na baba yake vilevile, wote wakisifika kwa ujuzi wa Bahari ya Shamu, ambayo kwa miamba yake iliogopwa na manahodha wengi. Baba huyo alitunga utenzi mrefu wa kuelekeza safari katika bahari hiyo. Mwana alipokomaa alizipima habari za baba yake kwa macho yake mwenyewe na kuyasahihisha makosa aliyoyaona, bila kumwonea haya mzazi.

Neno mwalimu lilivyotumika katika majahazi linahitaji maelezo kidogo. Nahodha ndiye aliyekuwa mkubwa wa chombo na mali iliyomo, bali mwalimu ndiye aliyejua njia. Yeye ndiye aliyekesha akitazama juu, akipima nyota na kuamua omo ielekezwe wapi. Ibn Majid aliwagawa walimu hao katika madaraja matatu: wale wanaopatia mara na kukosea mara, wale waliobobea wakasifika katika zama zao, na wale wachache ambao juu ya kubobea huandika, ili ujuzi wao uwafae watu baada yao kufa. Hakuficha kwamba yeye mwenyewe alijihesabu katika hao wa mwisho. Unyenyekevu haukuwa sifa yake kubwa, na aliwahi kujiita simba.

Majigambo hayo aliyalipia kwa kazi. Aliandika vitabu na tenzi zipatazo 40. Mwaka wa 1462, akiwa bado kijana wa miaka 30 hivi, alimaliza utenzi wa beti zaidi ya 1,000 juu ya misingi ya elimu ya bahari. Kazi yake kubwa zaidi, Kitab al-Fawa'id, yaani kitabu cha faida juu ya misingi na kanuni za bahari, aliikamilisha karibu na mwaka wa 1490. Ina sehemu 12, na ndani yake mna dira, vituo vya mwezi, mielekeo, majira ya pepo, dalili za kukaribia nchi kavu, na hata wasia juu ya tabia za mtu anayestahili kuongoza chombo: awe mvumilivu, asiwe mpenda usingizi, akikague chombo kabla ya kung'oa nanga. Kuandika kwa mashairi hakukuwa pambo tu. Usiku wa dhoruba, karatasi ikilowa na taa ikizimika, beti zilizohifadhiwa kichwani hazilowi.

Ili kuielewa elimu yake, hebu tuanze na anga ya hapa hapa Mombasa. Msomaji anayesimama usiku katika uwanja wa Tononoka, ule unaofahamika zaidi kwa mikutano ya kisiasa, yuko digrii nne hivi kusini mwa ikweta. Akiugeukia upande wa Makupa na kutazama kaskazini, nyota moja mashuhuri hataiona asilani. Ni Nyota ya Kaskazini, ambayo Waarabu waliiita Jah na mabaharia wetu wakaiita Jaa. Nyota hiyo imekaa karibu juu kabisa ya ncha ya kaskazini ya dunia. Kwa kuwa dunia ni duara, mtu aliye kwenye ncha huiona utosini, aliye kwenye ikweta huiona imelala kwenye upeo wa macho, na aliye kusini ya ikweta hufichwa na mgongo wa dunia yenyewe.

Hapo ndipo ilipo siri ya safari za kale. Baharia aliyetoka Julfar, kiasi cha digrii 26 kaskazini, aliiona Jaa ikiwa juu kwa kiasi hicho hicho. Kadiri alivyoshuka kusini ndivyo nyota ilivyozama, digrii moja kwa kila kilomita 111 hivi. Kipimo chao hakikuwa digrii bali kidole, na duara zima la mbingu lilihesabiwa kuwa vidole 224, kwa hiyo kidole kimoja ni kama digrii 1.6. Mwalimu alikishika kibao kidogo mbele ya jicho, ukingo wa chini ukigusa upeo wa bahari na wa juu ukigusa nyota. Akitaka kwenda bandari fulani, alishuka hadi nyota ifikie idadi ya vidole vya bandari ile, kisha akageuza chombo na kufuata mstari huo mpaka nchi kavu ikaonekana.

Maelezo haya yanaweza kuonekana mepesi, lakini kazi yenyewe ilikuwa na mitego. Zama za Ibn Majid, Jaa haikuwa pale ilipo leo. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua miaka takriban 26,000. Leo nyota hiyo iko chini ya digrii moja kutoka kwenye ncha ya mbingu, lakini katika karne ya 15 ilikuwa mbali nayo kwa digrii tatu na nusu hivi, na usiku ulipokuwa ukienda iliizunguka ncha hiyo. Mwalimu aliyeipima bila kujua iko upande gani wa mzunguko wake angeweza kukosea kwa vidole viwili, yaani karibu kilomita 360 za maji. Kosa la namna hiyo hutosha kumpeleka mtu kwenye mwamba. Ibn Majid aliandika kwa kirefu namna ya kulirekebisha, akitumia vituo vya mwezi vilivyokuwa angani wakati wa kupima.

Vituo hivyo ni 28. Mwezi huizunguka dunia na kurudi kwenye nyota ile ile kwa siku 27 na theluthi moja hivi, na kila usiku husogea digrii 13 kuelekea mashariki, kwa hiyo kila usiku hulala katika kituo kipya, kama msafiri mwenye nyumba 28 za kufikia. Lakini kwa kuwa dunia nayo inasogea kulizunguka jua, mwezi huhitaji siku mbili zaidi ili uandame upya, na ndiyo sababu mwezi mwandamo una siku 29 au 30. Miezi 12 ya namna hiyo hufanya siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi.

Siku hizo 11 zilikuwa jambo kubwa kwa baharia. Ramadhani husogea mwaka hadi mwaka, ila pepo hazisogei nayo. Kaskazi na kusi hufuata jua, kwa sababu mhimili wa dunia umeinama kwa digrii 23 na nusu. Miezi ya katikati ya mwaka, jua huielekea nusu ya kaskazini, bara la Asia hupata joto kali, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huvutwa kutoka kusini kuijaza nafasi hiyo. Hiyo ndiyo kusi. Miezi ya Desemba hadi Machi mambo hugeuka, na kaskazi huvuma kutoka Arabuni na India kuja kwetu. Kwa hiyo Ibn Majid aliandika tarehe za kuondoka bandarini kwa hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365. Waswahili nao waliufuata mwaka huo katika kilimo na ubaharia, wakiugawa katika makumi ya siku yanayoitwa miongo, na sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja, ni mabaki yake.

Mwezi hata hivyo haukudharauliwa. Mtu yeyote aliyekulia karibu na Bandari ya Kale anajua kwamba siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu huja maji ya bamvua, na siku za nusu mwezi huja maji mafu. Bamvua hutokea jua, mwezi na dunia zinapokuwa kwenye mstari mmoja na mvutano wa jua ukaungana na wa mwezi. Kwa jahazi lililosheheni, tofauti kati ya maji hayo mawili ndiyo tofauti kati ya kuingia bandarini na kukwama mchangani.

Na sayari je? Zuhura na Mshtarii hung'aa kuliko nyota yoyote ya usiku, na mtu angedhani ndizo zingefaa zaidi kuongozea. Kumbe hazifai kwa kupimia bandari. Sayari nazo hulizunguka jua kama dunia yetu, kila moja kwa mwendo wake. Mwezi huu Zuhura huonekana magharibi baada ya magharibi, miezi michache baadaye huonekana mashariki kabla ya alfajiri. Walimu wa bahari walizitaka nyota zilizotulia mahali pake. Kwamba zama hizo watu waliamini dunia imesimama katikati na jua ndilo linaloizunguka hakukuwadhuru, kwani kitabu cha Copernicus kilichoibadili fikra hiyo kilitoka mwaka wa 1543, na hesabu ya kupima kimo cha nyota ni ile ile iwe kinachozunguka ni mbingu au ni dunia.

Turudi kwetu kusini. Jaa ilipozama, baharia anayekuja Malindi, Mombasa au Kilwa alifanya nini? Aliyapima makundi mengine ya kaskazini yanayopanda juu zaidi, hasa Farqadani, nyota mbili zilizo jirani na Jaa, pamoja na zile za Dubu Mkubwa. Upande wa pili alizitazama nyota za kusini, Msalaba wa Kusini na Suheli. Suheli ni ya pili kwa mng'aro kati ya nyota zote za usiku, na jina lake limeingia katika Kiswahili hata likawa na maana ya upande wa kusini. Kule Julfar hupanda digrii 11 au 12 tu juu ya upeo, ilhali Mombasa hupanda zaidi ya digrii 40. Katikati ya Februari, mnamo saa tatu usiku, mtu aliye Tononoka anaweza kuiona upande wa Likoni ikiwa katika kilele chake, hata taa za mji zikiwaka.

Ibn Majid aliijua pwani hii. Utenzi wake unaoitwa Sufaliya umeeleza njia za kuelekea kusini hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, ambako dhahabu ya bara ilikuwa ikifikia bahari. Kilwa imo, na vipimo vya nyota vya bandari vimo. Utenzi huo haukujulikana na wasomi wa Ulaya hadi ulipoonekana katika maktaba ya Leningrad, na Mrusi Theodor Shumovsky, msomi aliyewahi kufungwa enzi za Stalin, akauchapisha mwaka wa 1957 pamoja na tenzi nyingine mbili. Vitabu vya aina hiyo viliitwa rahmani, na humo ndimo lilimotoka neno letu ramani.

Sasa tuitazame ile lawama.

Wareno walifika Mombasa Aprili 7, 1498. Walishuku njama, wakaondoka baada ya siku chache, na katikati ya mwezi huo wakatia nanga Malindi, ambayo mtawala wake alikuwa hapatani na Mombasa na alifurahia kupata rafiki mwenye mizinga. Aprili 24 waliondoka wakiwa na rubani waliyepewa na mtawala huyo, na Mei 20 walikuwa mbele ya Calicut. Kusi ilikuwa imeanza kuvuma na rubani alijua ni njia ipi ya kuikata.

Rubani huyo alikuwa nani? Shajara ya safari yenyewe inamtaja kuwa Mkristo, lakini Wareno wa safari ile waliwadhania Wahindu wengi kuwa ni Wakristo. João de Barros, mwanahistoria wa Ureno wa karne ya 16, anamtaja kuwa Mwislamu wa Gujarat aliyeitwa Malemo Cana. Wengine wa zama zake wameandika Canaqua. Malemo si jina la mtu. Ni mwalimu, neno lile lile, na Canaqua linafanana na neno la Kihindi la mtu anayehesabu nyota. Kwa hiyo Wareno walituachia cheo na kazi yake, si jina alilopewa na mamaye. Barros anaeleza pia kwamba Vasco da Gama alipomwonyesha chombo chake cha kupimia jua, mtu yule hakushangaa hata kidogo, kwa kuwa alikuwa na chake.

Jina la Ibn Majid liliingia katika kisa hiki kupitia Qutbuddin al-Nahrawali, mwandishi wa Makka aliyefariki mwaka wa 1582. Katika historia yake ya Waturuki kuiteka Yemen, aliandika kwamba Wafaranji walielekezwa njia na baharia hodari aitwaye Ahmad bin Majid, baada ya mkubwa wao kumlewesha. Aliandika zaidi ya miaka 70 baada ya tukio, akiwa mbali nalo, na akiwa na hamu ya kueleza msiba mkubwa uliozipata nchi za Kiislamu. Kisha katika miaka ya 1920, Mfaransa Gabriel Ferrand aliyechapisha maandishi ya Ibn Majid yaliyohifadhiwa Paris, alikichukua kisa hicho na kukithibitisha kana kwamba hakina shaka. Kutoka kwake kikaingia vitabuni, na kutoka vitabuni kikaja madarasani kwetu.

Wataalamu wengi wa baadaye wamekikataa. Mtawala wa Sharjah, Sultan bin Muhammad al-Qasimi, ambaye mwenyewe ni mwanahistoria, ameandika kitabu kizima cha kumtakasa. Hoja ni nyingi. Waliomwona rubani kwa macho hawakumtaja Mwarabu wa Julfar. Mwaka wa 1498 Ibn Majid alikuwa na umri wa miaka 66 hivi. Merikebu za Wahindi zilikutwa zimetia nanga Malindi, kwa hiyo mjuzi wa Gujarat hakuwa adimu. Na yeye Ibn Majid, ambaye hakuwahi kuficha sifa yake hata moja, hajisifii safari hiyo popote. Katika Sufaliya mna beti zinazotaja ujio wa Wafaranji, lakini hazimtaji kuwa ndiye aliyewaleta, na wako wanaoziona kuwa zilipachikwa na mkono mwingine.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hoja nzito kuliko zote ni nyingine. Njia ya Malindi na India haikuwa siri ya mtu mmoja. Mabaharia waliivuka kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Wareno. Twiga wa Malindi alifikishwa China mwaka wa 1415. Mwalimu yeyote wa kiwango cha kati aliyekuwa bandarini wiki ile angeweza kuifanya kazi ile, mradi majira yawe sawa.

Thamani ya majira hayo Wareno waliionja wakati wa kurudi. Oktoba 5, 1498 waliondoka pwani ya India bila kungoja kaskazi ikolee. Walielea katikati ya bahari, pepo zikikata na kugeuka, kwa karibu miezi mitatu. Fizi zilivimba kwa kukosa matunda, na mabaharia kama 30 wakafa kabla ya kuiona Mogadishu mwanzoni mwa Januari 1499. Bahari waliyoivuka kwa siku zisizotimia 30 wakati wa kwenda iliwachukua mara tatu zaidi. Elimu ya kuepuka balaa hilo ilikuwa imeandikwa katika Kitab al-Fawa'id karibu miaka minane kabla.

Yaliyoipata Mombasa baadaye yanajulikana. Agosti 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuuchoma. Ulichomwa tena mara nyingine kabla ya mwaka wa 1593, Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu, nayo ingali imesimama, mwendo usio mrefu kutoka Tononoka. Watu walioona nyumba zao zikiteketea walihitaji mtu wa kulaumiwa, na mwenye jina kubwa kuliko wote baharini ndiye aliyepatikana.

Utenzi wa mwisho wa Ibn Majid wenye tarehe ni wa mwaka wa 1500. Mwaka wa 1554 amiri wa Kituruki, Sidi Ali Reis, alipoandika kitabu chake cha Bahari ya Hindi, aliegemea maandishi ya Ibn Majid na kuyasifu kwa kuaminika. Mabaharia wenyewe nao hawakuwa na habari na lawama za wanahistoria. Mwingereza Richard Burton, alipokuwa Aden mwaka wa 1854, alikuta watu wa majahazi wakimwita Sheikh Majid, wakiamini kuwa ndiye aliyeivumbua dira, na kabla ya kutweka tanga walimsomea Fatiha.